Kozi ya uzamili ya usalama na afya kazini Mwanza: nzuri kwa kelele na amonia, bado kwenye vumbi

Afisa usalama wa Mwanza leo yuko kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, kesho bandarini, wiki ijayo ameitwa mgodini upande wa Geita. Stashahada hii ya uzamili, inayofundishwa jijini mwisho wa wiki kwa walio kazini, tumeipima kwa jambo moja: je, mhitimu ataweza kupima kihatarishi na kuzitetea namba zake mbele ya mwajiri na mkaguzi wa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi?

Sheria Na. 5 ya 2003 ya usalama na afya kazini na ISO 45001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia usalama huo, zinafundishwa vizuri. Hapo hatuna neno.

Somo la kelele ndilo bora kuliko yote. Mwanafunzi haruhusiwi kugusa kipima sauti kabla ya kukihakiki kwa kalibreta, kifaa kinachotoa sauti inayojulikana ya desibeli 94, na anarudia baada ya kazi. Anajifunza kwamba kwa kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, kila ongezeko la desibeli 3 hukata muda kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Kisha anapewa hesabu inayowaangusha wengi: nusu ya zamu kwenye desibeli 80, nusu nyingine kwenye 100. Anayejumlisha na kugawa kwa mbili anapata 90. Jibu sahihi ni 97, kwa sababu desibeli ni za logariti: kila nyongeza ya 10 ni nguvu ya sauti mara kumi. Ripoti yenye 90 hapo inamwacha mfanyakazi apoteze usikivu huku faili likionyesha hali nafuu kuliko ilivyo.

Amonia, gesi ya kupozea vyumba vya baridi, nayo imepewa uzito wake. Viwango vya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, vinakaririwa hadi vinakaa kichwani: ppm (sehemu kwa milioni ya hewa) 25 kwa zamu, 35 kwa dakika 15, na 300 ni hatari ya papo hapo kwa uhai. Kilichotufurahisha zaidi ni zoezi la kupanga njia za kutokea. Vitabuni amonia ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikivuja ikiwa kimiminika hutengeneza wingu la baridi, zito, linalotambaa chini. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka. Kwa hiyo kiwanda cha ufukweni chenye sehemu moja tu ya kukusanyikia, getini upande wa barabara, mchana kinawapeleka watu palepale gesi inakoelekea. Wanafunzi wanatakiwa kuchora sehemu mbili, pamoja na kitambaa cha kuonyesha upepo kinachoonekana kutoka kila mlango. Zoezi hili lifundishwe kila mwambao wenye kiwanda cha samaki.

Vumbi la silika, lile laini la mawe linaloharibu mapafu, ndipo kozi inapopwaya, na kwa mkoa unaopakana na machimbo na makarasha hilo ni pengo kubwa. Pampu ya kuvuta hewa ipo, kichujio cha milimita 37 kipo, saikloni ya alumini, inayozuia chembe kubwa zisifike kwenye kichujio, ipo. Mtiririko wa hewa unapimwa asubuhi tu, lita 2.5 kwa dakika, na jioni pampu inazimwa na kurudishwa kabatini. Betri ikichoka au mpira ukibana, mtiririko unashuka, saikloni inapitisha chembe kubwa ambazo hazikupaswa kupita, na matokeo hayaaminiki tena. Ukipanda, saikloni inazuia hata chembe zilizopaswa kupita. Bila kipimo cha jioni huwezi kujua lipi limetokea. Tofauti ikizidi asilimia 5, sampuli haifai. Kwa zamu ya saa 8 pampu huvuta mita za ujazo 1.2 tu, na kwa kikomo cha miligramu 0.05 kwa mita ya ujazo, silika yote kwenye kichujio ni miligramu 0.06. Kwa kiasi kidogo hivyo, uzembe wa dakika mbili unaharibu siku nzima.

Kwa wa viwandani na bandarini, tunaipendekeza bila kusita. Wa migodini asijiandikishe kabla hajahakikishiwa mafunzo ya vitendo ya vumbi yanayojumuisha kipimo cha mwisho wa zamu. Na yeyote anayekwenda kulipia aombe kuonyeshwa cheti cha kalibresheni cha kila kifaa: asome tarehe, kisha alinganishe namba ya cheti na ile iliyo nyuma ya kifaa chenyewe.