TAHADHARI: muuza alteneta wa Gerezani, yule wa bisibisi

Wenye magari Dar, kuna jamaa pale Gerezani anauza alteneta za mtumba (ile mashine ya kuchaji betri injini ikiwaka), ana meza tu, hana hata kibao. Muogopeni.

Gari langu ni Noah, na alteneta yake iliungua, nikaenda kwake kutafuta nyingine. Jamaa akanipokea "kaka yangu, kaka yangu", kiti, maji ya baridi. Akatoa alteneta inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Eti imeshuka na kontena kutoka Japani, haijawahi kufunguliwa. Nikamwambia silipi bila kupima. Nilimwambia! Kijana wake akaifunga palepale, gari likawashwa, taa ya betri kwenye dashibodi ikazima. Kisha akachukua bisibisi, akaisogeza nyuma ya alteneta, usawa wa beringi. Ikanasa tii! "Unaona sumaku hiyo, kaka? Inachaji." Akaniachia niivute kwa mkono wangu, na kweli ilikuwa ngumu kutoka. Nani angebisha hapo? Nikahesabu laki na sitini, na kijana nikampa ya soda. Ya soda, jamani!

Usiku natoka msibani na wakwe, Chalinze bado, taa zikaanza kufifia, waipa zikasuasua, gari likazima. Mvua. Baba mkwe na suti yake akashuka kusukuma. Tuishie hapo.

Fundi kaifungua: dayodi, zinazogeuza umeme ufae kuchaji betri, zimeungua, kaboni za kupeleka umeme kwenye rota, ile sehemu inayozunguka ndani, zimebaki vipisi, nje imepuliziwa rangi ya kopo. Kumbe ile sumaku inaonyesha rota inapata umeme wa betri, basi. Kama kuna umeme wa maana unaorudi kwenye betri, bisibisi haijui. Nimemrudia, ananijibu, "Vifaa vya umeme havina garantii, bosi." Kaka kageuka bosi!

Huyu anyang'anywe hiyo meza, alipe laki na sitini yangu na gari la kuvuta, halafu alale ndani. Anaua watu barabarani.

Mkienda huko bebeni mita ya kupimia volti. Injini inaunguruma, taa kubwa na feni vimewashwa, kwenye betri isome kuanzia volti 13.8 hadi 14.5 hivi. Ikiganda 12 na kitu, ondokeni. Na rangi mbichi juu ya skrubu, mh.

RB, namba ya taarifa niliyofungua polisi, ninayo. Mwingine aliyeuziwa na huyuhuyu ajitokeze twende wote kituoni, maana mmojammoja watatuzungusha.