Mashine kaitengeneza, uso kaniharibia

"Si inang'aa? Sasa unalalamika nini?" Hilo ndilo jibu nililopewa na fundi wa saa za kale huku Yorkshire, Uingereza, ninakoishi, nimesimama mbele ya saa yangu machozi yananilengalenga. Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Ni saa ndefu ya Kiingereza, ya kusimama sakafuni, inanizidi kimo. Kabati la mwaloni, uso wa shaba, yaani ya zama za kabla nyuso za chuma zilizopakwa rangi nyeupe hazijaanza kutoka Birmingham kwenye miaka ya 1770. Aliniachia mzee jirani niliyemhudumia miaka yake ya mwisho. Jumapili usiku tulikuwa tunaitia ufunguo pamoja, mimi nazungusha, yeye ananihesabia. Ndiye aliyenifundisha kuisikiliza. Pendulamu yake ina karibu mita moja, kwa hiyo kila pigo ni sekunde moja, na mapigo yakianza kuchechemea ujue kabati limeinama, tafuta kibao usukumie chini ya mguu mmoja.

Sasa huo uso. Pete yenye namba ilikuwa imesuguliwa fedha kwa mkono, nyeupe kama maziwa, haing'ai. Haitakiwi kung'aa! Iliachwa vile ili namba zilizojazwa nta nyeusi zisomeke hata kwa mwanga wa mshumaa. Huyu bwana akaipeleka kwenye mashine ya kusugulia. Fedha yote imekwenda, nta imetoka, imebaki shaba ya njano kama bomba la jikoni. Maua yaliyochongwa katikati, kazi ya mkono wa mtu aliyekufa zamani, yamefifia mpaka uyapapase kwa kidole.

Fedha inaweza kusuguliwa upya, najua. Nta pia. Lakini upande wa nyuma wa ule uso, kila fundi aliyewahi kuifungua alikuwa amekwaruza herufi za jina lake na mwaka. Mzee alinionyesha siku moja kwa tochi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekutambulisha kwa ukoo wake. Fundi wangu kasugua na huko. Nani alimtuma nyuma, mahali ambapo hakuna anayeangalia? Nilipomuuliza akacheka, akasema ile ilikuwa mikwaruzo tu.

Mjomba wangu alikuwa fundi saa Tanga, ana kimeza chenye kioo na lenzi jichoni. Kila kipande alichokitoa kwenye saa ya mtu alikifunga kwenye karatasi akakirudisha kwa mwenyewe. Sikujua kama ile ni heshima mpaka nilipoikosa.

Lakini haki yake nimpe. Mashine ya ndani ya saa kaiweza. Matundu ya shaba yanayoshika ekseli yalikuwa yamelika yakawa kama mayai, kayaziba na kuyatoboa upya, safi kabisa. Ile nanga inayoachia magurudumu jino kwa jino sasa inashika sawasawa. Zamani ilikuwa inasimama kila baada ya siku tatu nne. Siku hizi inamaliza wiki nzima, na haipotezi hata dakika moja. Kwa hilo nilitaka kumpa nyota tatu. Nimeandika tatu, nimekumbuka kile kicheko, nimefuta. Moja. Na hiyo moja ni ya magurudumu, si ya kwake.

Kama huna fundi mwingine karibu na lazima uende kwake, mpe mashine peke yake. Uso uvue, uuzungushie shuka, uubakize nyumbani.

Jumapili iliyopita nimeitia ufunguo kama kawaida. Ilipofika saa tatu usiku ikagonga mara tisa, sauti ile ile ya mzee. Taa ya ukumbini sikuiwasha.