Mashine ya kuondoa unyevu: msimu mmoja wa baridi, wapangaji watano

Naandika haya kwa mwanafunzi aliyepanga chumba nchi ya baridi, ambaye leo asubuhi ameamka akakuta kioo cha dirisha kinatiririka maji kwa ndani na anajiuliza kama ni kawaida. Si kawaida, na dawa yake ipo.

Chumba changu ni cha chini, ukuta mmoja umeelekea nje, hita iko chini ya dirisha. Tuko watano, jiko moja, bafu moja. Mwezi wa kumi taulo ilianza kumaliza siku mbili bila kukauka. Mwezi wa kumi na moja nikavuta sanduku kutoka uvunguni nitoe viatu vya ngozi nilivyokuwa nimevitunza kwa ajili ya siku ya mahafali. Cha kushoto kilikuwa kimeota manyoya ya kijani kwenye ulimi na kuzunguka matundu ya kamba. Nilipokigusa, yakabaki kidoleni kama unga. Nikasogeza kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa na madoa meusi kuanzia sakafuni mpaka kimo cha goti. Nilikaa kitandani nikalia, maana pale ndipo kichwa changu hulala, hatua moja tu kutoka kwenye ule ukungu.

Mwenye nyumba alijibu kwa mstari mmoja: fungueni madirisha. Hakukosea moja kwa moja. Dirisha likiachwa wazi dakika kumi asubuhi, tofauti unaiona. Lakini watu watano wanaoga, wanapika, na wanaanika nguo ndani kwa sababu nje hazikauki. Nguo za kufua mara moja, zikitoka kwenye mashine ya kufulia, huwa na takriban lita mbili za maji, na yote yanaingia kwenye hewa hiyo hiyo mnayoivuta usiku. Hewa ya nyuzi 20 hubeba mpaka gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa kwa kugusa ukuta wa nyuzi 10, inabeba gramu 9 na kidogo tu. Kinachozidi kinageuka maji pale pale, na mara nyingi pale pale ni nyuma ya kabati ambako joto la hita halifiki.

Nilianza kwa kununua kile kidude kidogo cheupe, cha ukubwa wa birika, kinachouzwa sana mtandaoni. Hakina kompresa, ile mota inayonguruma kama ya friji. Ndani kina kibamba ambacho upande mmoja hupoa umeme ukipita, pamoja na feni ndogo. Boksi liliahidi kwamba kinatosha chumba kizima. Nilikiacha kikiwaka siku mbili mfululizo, kisha nikamimina maji yake kwenye kikombe: hayakufika robo lita. Kipimo cha unyevu kilisoma asilimia 78 nilipokiwasha na 77 nilipokizima. Sasa kiko ndani ya kabati la nguo, milango imefungwa, na humo kinafanya kazi. Kwa chumba usikinunue, tafadhali.

Tuliyonunua baadaye ni ya kompresa, ya lita 12 kwa siku. Hiyo namba ya lita isikuchanganye: kwa kawaida hupimwa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo chumba cha mwanafunzi wakati wa baridi hakiijui. Kwetu, kwa nyuzi 18, siku ya kwanza ilitoa lita tatu na nusu. Nilibeba lile tanki kwa mikono miwili mpaka bafuni, wenzangu wakatoka vyumbani kuja kuangalia. Maji yalikuwa masafi machoni, ila chini yametuama vumbi la kijivu. Hayo si ya kunywa. Sisi tunayamwaga chooni. Siku ya nne kipimo kilishuka mpaka 58, na kioo cha dirisha kikaamka kikavu kwa mara ya kwanza tangu nihamie.

Ukuta nao haukujisafisha. Ukungu uliokwisha kuota hauondoki kwa kukausha hewa, unaacha tu kuendelea. Niliusugua kwa dawa nikiwa nimevaa glavu na barakoa, dirisha wazi, na kabati nikaliacha mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Kabla ya kusugua nilipiga picha kila doa, zikiwa na tarehe, kwa sababu amana yetu yote iko mikononi mwa mwenye nyumba.

Umeme ndio uliotugombanisha. Mashine inakula wati 200, yaani saa tano ni yuniti moja. Si nyingi, lakini bili tunagawana. Mwenzetu wa chumba cha juu alikataa kuchangia ununuzi kwa kuwa chumba chake ni kikavu. Tukaishi kwa kununiana wiki nzima, mpaka siku aliyoanika mashuka yake sebuleni mashine ikiwaka, akayakuta makavu kabla ya kulala. Kesho yake akaniambia pesa hana mwezi huu, ila kumwaga tanki itakuwa kazi yake. Ameifanya mpaka leo bila kukumbushwa, na namheshimu kwa hilo. Ratiba tuliyobandika kwenye friji ni fupi: kila mtu na siku yake ya kufua, nguo zote sebuleni, mlango na madirisha yamefungwa, mashine iwake kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku.

Kupita saa tano usiku haiwezekani, kwa sababu ya kelele. Kompresa inaponguruma, chumba cha jirani wanaisikia ukutani. Niliwahi kumpigia mama simu ikiwa karibu, akaniuliza kama huko mvua inanyesha. Ukiwa peke yako na chumba kimoja tu, ujue utalala na sauti hiyo. Na kama chumba chako hakipandi nyuzi 15, uliza aina nyingine isiyo na kompresa, si kile kidude kidogo, bali ile inayofyonza mvuke kwa zeoliti, madini yanayonyonya maji. Inakula umeme zaidi, lakini baridi haiivunji nguvu.

Tanki likijaa inajizima yenyewe, hiyo naipenda. Chujio tunalipiga vumbi kila baada ya wiki mbili. Ikisafirishwa ikiwa imelazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, kama friji.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya kelele, na magurudumu yake ambayo hayapandi kizingiti chochote.

Mkataba wetu unaisha Juni na watatu tunahama. Wawili wanaobaki wataichukua na kuturudishia nusu ya tulichochanga. Tumeliandika, tukatia sahihi. Viatu vyangu nilivisafisha, nikavipaka mafuta, vimerudi kwenye boksi. Leo kipimo kinasoma 54.