Kipimo cha mkono kilichonikataza hadi dagaa

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kuna kliniki moja ya tiba mbadala hapa Dar, jina silitaji, inayojitangaza kwamba haitibu ugonjwa bali inaurudisha mwili kwenye mizani ujiongoze wenyewe, na aleji zinaondoka zenyewe. Mimi nina pumu tangu utotoni, na kila asubuhi ni chafya mpaka macho yanavimba. Nikalipia kifurushi kizima, na si hela ndogo.

Kinachoniuma ni kile kipimo chao. Unanyoosha mkono mmoja mbele, mwingine unashika kichupa kilichofungwa, eti ndani kuna maji yaliyobeba "taarifa" za maziwa. Mtaalamu anaukandamiza mkono ulionyooshwa. Ukishuka, mwili umeyakataa maziwa. Yakaja mayai, ngano, karanga, mkono unashuka tu. Mwishowe dagaa! Mimi mtoto wa Mwanza, nimekuzwa kwa dagaa, sijawahi kuwashwa hata siku moja. Nikaanza kumwangalia vizuri. Kwenye kichupa cha maji matupu aligusa kwa vidole viwili karibu na kiwiko. Kwenye dagaa alikandamiza kwa kiganja kizima, huku chini kwenye kifundo. Mkono wa nani usingeshuka?

Nikamwomba kwa adabu kabisa: "Daktari, tuvifunge vichupa kwa karatasi, dada wa mapokezi avichanganye, turudie bila mimi wala wewe kujua kipi ni kipi." Akabadilika sura. "Mama, ukija hapa na mashaka mwili unajifunga. Kama huamini, nenda hospitali wakakujaze kemikali." Kwa sauti ya juu, mlango wazi, watu kwenye benchi wanasikiliza. Nilitoka nikitetemeka. Nimemkosea nini? Kupima watu kwa nguvu za misuli kulianzishwa mwaka 1964 na George Goodheart, tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo wa Detroit, Marekani, na watafiti waliojaribu kuitumia mbinu hiyo kutafuta aleji huku vichupa vimefichwa walikuta majibu hayapishani na kubahatisha.

Ila haki yao niwape. Mama anayefundisha mazoezi ya kupumua pale ni hazina. Mpole, hana haraka, anakukalisha mabega yalegee, unafunga mdomo, unatoa pumzi kwa pua polepole mpaka kifua kinatulia. Usiku nalala vizuri kuliko zamani, na mazoezi ya namna hii kweli yanawapunguzia usumbufu wagonjwa wengi wa pumu. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kusema nendeni, mlipie darasa lake tu.

Lakini hapana. Nikikumbuka yule mtaalamu alivyoniambia niache pampu ya kahawia "mwili uzoee kujitegemea", damu inachemka. Ile ndiyo inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Haikupi nafuu papo hapo kama ya buluu, kwa hiyo ni rahisi mtu kushawishika kwamba haina kazi, halafu siku kifua kikibana ndipo anakimbizwa hospitali usiku. Mimi sikuiacha. Ila pale benchi alikuwepo mama na mwanawe, kifua cha mtoto kinapiga filimbi, naye ameambiwa maneno hayo hayo. Nilimvuta pembeni nikamsihi asithubutu. Msiende, hata kwa ajili ya yale mazoezi.

Baadaye nilipimwa hospitali kwa matone na vichomo vidogo kwenye ngozi ya mkono, unasubiri kama robo saa, wanapima kila uvimbe kwa rula. Kilichovimba ni utitiri wa vumbi, wale wadudu wa kwenye magodoro na mito. Maziwa hayakuvimba, dagaa hawakuvimba. Sasa shuka nafua kwa maji ya moto na mto nimeuvalisha mfuko usiopitisha vumbi.

Hela ya mahudhurio yaliyobaki nimeidai. Dada wa mapokezi anasema kifurushi hakirudishwi, na siku hizi akiona namba yangu hapokei.