TAHADHARI: Bunduki za Martini "za jumba la Sayyid Khalid" zinazouzwa WhatsApp ni za kughushi

Ndugu zangu mlioko Muscat, Dubai, London na nyumbani Unguja, kuna mtu anauza bunduki za kale kwenye magrupu ya WhatsApp na anawaibia watu. Jina anabadilisha, namba ya simu anabadilisha, hadithi haibadilishi: eti ni Martini-Henry, bunduki za jeshi la Uingereza, alizozawadiwa Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na Malkia Victoria alipokwenda London mwaka 1875, na zikaja kupigana jumbani tarehe 27 Agosti 1896, siku ya vita vya Sayyid Khalid, aliyekalia kiti cha usultani na Waingereza wakampigia jumba mizinga. Bei inaanzia riyali 900 za Oman. Nusu anaitaka kwanza, na mzigo ukishafika hapokei simu tena.

Ami yangu kauziwa moja. Aliitaka kwa ajili ya razha, ngoma ya Kiomani ya panga na bunduki, kwenye harusi ya mjukuu wake. Nimeishika, nimeifungua, nimeimulika ndani kwa kurunzi, na ninayoyaandika hapa nimeyaona.

Hadithi yenyewe imetungwa na mtu anayejua historia kiasi, na hapo ndipo watu wazima wanaponasa. Ni kweli Barghash alikwenda London 1875. Ni kweli pia Waingereza walimpa bunduki. Lakini jeshi la Sultani lililoanzishwa na ofisa Mwingereza Lloyd Mathews mwaka 1877 lilipewa Snider, na Snider si Martini hata kwa mtu anayetazama kwa mbali. Snider ilitokana na bunduki ya kujaziwa mdomoni: mtutu ulikatwa kwa nyuma, ukawekewa kifuniko cha kufungukia pembeni, na nyundo yake kubwa iko nje unaiona. Martini haina nyundo ya nje. Ina wenzo nyuma ya triga. Ukiusukuma chini, kipande cha chuma ndani kinainama mbele na ganda linachomolewa. Unatia risasi nyingine kwa mkono, unarudisha wenzo juu, na bunduki imeshajikoki yenyewe. Jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1871, na kwa zama zile ilikuwa kitu cha ajabu kwa wepesi wake.

Sasa tazameni ya ami. Ubavu wa kulia wa chuma, juu ya triga, pana taji, chini yake V.R. (yaani Malkia Victoria), chini yake ENFIELD (kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza), halafu 1904. Victoria alifariki Januari 1901. Barghash mwenyewe alifariki 1888. Nilimtumia muuzaji ujumbe wa sauti kumuuliza, akanijibu kwamba huo ni mwaka wa matengenezo. Huo ni uongo mwingine. Mwaka 1904 mfalme alikuwa Edward VII, na kiwanda cha serikali yake hakikuwa na sababu ya kupiga alama ya mama yake aliyekwisha kufa.

Tazameni na herufi. Kwenye neno ENFIELD, ile N imegeuka, mstari wake wa mshazari umelala upande usio wake. Herufi hazilingani urefu, na ukipitisha ukucha unahisi zimechongwa kwa patasi, mkwaruzo mmoja mmoja, wakati alama za kiwandani hupigwa kwa muhuri wa chuma zikazama sawasawa. Taji limekaa kama chungu kilichopinduliwa. Pembeni kwa kulia kuna kijidude mfano wa tone la maji, ambacho kwenye Martini halisi hugeuka bunduki inapokokiwa, ili askari ajue imekoki au la. Kwenye hii kimeshikamana hapo hapo, hakigeuki.

Bunduki za namna hii zinajulikana. Hutengenezwa na mafundi wa Darra Adam Khel, karibu na Peshawar, Pakistan, ambao wananakili silaha za Waingereza tangu karne ya 19, na wengi walinakili alama bila kuzisoma. Mafundi wale nawaheshimu. Kuitoa Martini kwa tupa na patasi si kazi ndogo, na mtu akikuuzia bunduki ya Darra kwa jina la Darra na bei ya Darra hana kosa. Mwizi ni huyu anayeivisha jina la Barghash.

Anadai pia kwamba inapiga meta 1,500 bila kukosa. Hata ile halisi haikuwa hivyo. Ni kweli kilengeo chake kina alama za kupita yadi 1,000, lakini masafa hayo yalikuwa ya kikosi kizima kupiga kwa pamoja kwenye kundi kubwa la adui. Askari mmoja kulenga mtu mmoja, masafa ya maana ni yadi 300 au 400, na baada ya risasi chache moshi wa baruti nyeusi humziba macho. Uzuri wa shabaha yake ulitoka kwenye mifereji 7 iliyochongwa ndani ya mtutu, ikizunguka mara moja kwa kila inchi 22. Ya ami mifereji yake inaonekana mdomoni tu. Ukimulika ndani zaidi inafifia, na tundu lenyewe limekwenda upande.

Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Risasi ya Martini ina uzito wa gramu 31 hivi na husukumwa na baruti gramu 5.5. Chuma cha bunduki hizi za kughushi mara nyingi ni laini, na hakuna aliyekipima. Ami alikuwa amekwisha kutafuta mtu wa kumtengenezea baruti tupu za harusi. Nimemzuia. Msiipige, hata kwa baruti tupu, hata mara moja. Kipande kile cha chuma kikiachia, mlipuko unarudi usoni kwa mpigaji, na harusini watoto husogea karibu kutazama.

Huyo huyo anauza "bastola za Mreno" za gumegume. Hizo ni mapambo ya watalii: ingiza kijiti mdomoni, kinagota baada ya vidole vitatu, na kile chuma kinachopigwa na jiwe hakitoi cheche.

Huyu bwana huwaambia wanunuzi pia kwamba bunduki ya kale haihitaji kibali. Tanzania, sheria ya silaha na risasi ni ya 2015, nendeni polisi kabla ya kulipa. Oman, ulizeni polisi wa huko. Uingereza, silaha za kale zina msamaha wake chini ya sheria ya 1968, lakini msamaha ni wa silaha ya kale kweli, na nakala iliyotengenezwa juzi haimo.

Aliyekwisha kulipa asifute mazungumzo wala risiti ya benki, aende navyo polisi. Na kama unayo yenye V.R. na 1904, nitumie picha ya ubavu wa kulia na ya namba iliyochongwa. Ami na jirani yake wa Seeb, Oman, wameuziwa bunduki mbili zenye namba ile ile.