Kozi ya kuongoza timu za mbali, Njiro: thamani ya hela yangu niliiona Jumamosi ya pili

Nianze na hukumu ili asiye na muda aondoke nayo. Kama tayari unasimamia watu usiowaona kwa macho, nenda. Kama unatafuta mtu wa kukufundisha kubonyeza Zoom ya vikao na Trello ya kupangia kazi, baki nyumbani na video za YouTube, bando litakutosha. Jina la kituo naliacha kwa sababu nina lawama kadhaa, na nimeambiwa mwalimu huyu anafundisha somo hilo hilo kwenye vituo vingine hapa mjini. Ni Njiro, Arusha, ghorofani, na ukija na gari utapata shida ya kuegesha.

Mimi natokea Moshi. Kampuni yetu inapandisha wageni Kilimanjaro, na mwaka jana nikabebeshwa mradi wa kutengeneza mfumo mpya wa kupokea oda za safari. Mtengeneza programu yuko Nairobi, msanifu wa kurasa yuko Mwanza, mhasibu yuko Arusha, dada wa mauzo yuko Ujerumani. Wa tano ni kiongozi wetu mkuu wa wapandaji, ambaye ndiye anayejua mgeni aulizwe nini kabla hajalipa, na wiki nyingi huyo yuko juu mlimani. Hatujawahi kukaa meza moja sote. Bosi akasema kasome, kampuni italipa nusu.

Ada ni shilingi 350,000 pamoja na chai na chakula cha mchana. Jumamosi mnakaa darasani, na katikati ya wiki kuna vipindi vya jioni mtandaoni.

Jumamosi ya kwanza nilitaka kudai hela yangu. Asubuhi nzima ilikwenda kwa Bruce Tuckman na hatua zake za kikundi: kuundwa, kuvurugana, kuelewana, kufanya kazi. Slaidi baada ya slaidi. Tuckman aliandika hayo mwaka 1965 baada ya kupitia tafiti za vikundi vidogo, vingi vikiwa vya watu waliokutana kwa ajili ya tiba. Hakuna ubaya kuyajua, lakini wale walikuwa wanatazamana usoni. Kwangu mimi mtu anaweza kuvurugika wiki mbili nzima nisijue, maana kwenye kundi la WhatsApp anaendelea kuweka dole gumba kama kawaida. Niliuliza hilo, nikajibiwa tutalifikia baadaye.

Kitu kimoja tu cha siku ile nilikiandika. Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, kwenye kazi yake ya mwaka 1977, alionyesha kwamba mawasiliano ya watu wa kazi moja hupungua kwa kasi kadiri meza zao zinavyoachana, na wakishafika kama mita 50 ndani ya jengo lile lile, mazungumzo ya mara kwa mara yanakuwa machache mno. Hapo ndipo nilielewa kwa nini mhasibu wetu wa Arusha na yule kijana wa Nairobi wananisumbua kwa namna ile ile, ilhali mmoja ninaweza kumfikia kwa Coaster kabla ya chakula cha mchana.

Jumamosi ya pili ndiyo kozi yenyewe. Kulikuwa na kijana mwenye ofisi ya uhasibu aliyetaka aelekezwe programu ya kupiga picha skrini za wafanyakazi wake kila baada ya dakika chache. Mwalimu hakumkemea. Alimuuliza, "Ukishaziona hizo picha, utajua hesabu imefungwa sawasawa?" Kijana akacheka, akasema angalau atajua hawaangalii mpira.

Kisha akasimama mzee mmoja wa mradi wa mifugo. Vijana wake wako Longido, upande wa Ketumbeine.

"Mwalimu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Vijana wangu mtandao wanaupata wakipanda kilima. Hiyo kamera mnayosema iwashwe, ataiwasha nani?"

"Mzee wangu, aliye karibu na nyoka ni nani?"

"Si hao vijana."

"Na fimbo anayo nani?"

Mzee alinyamaza kidogo. "Fimbo ninayo mimi," akasema, na darasa zima likaangua kicheko, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Kuanzia hapo slaidi zilizimwa. Tulipewa karatasi ya safu tatu ya kugawa hiyo fimbo, yaani maamuzi: mambo ambayo mtu wako anaamua mwenyewe, mambo anayoamua kisha anakupa taarifa, na mambo anayosubiri. Uandike majina halisi ya watu wako na kazi zao halisi, na yanayowakwamisha wiki hii.

Nilipomaliza ya kwangu niliona kichekesho. Usiku wa kuelekea kileleni, kiongozi wetu akiona mgeni anayumba na kuongea ovyo kwa ugonjwa wa mwinuko, anamgeuza na kumshusha hapo hapo. Hapigi simu ofisini. Mgeni amelipa maelfu ya dola, ametoka bara jingine, pengine analia na kubisha, na bado neno la mwisho ni la kiongozi, na hakuna bosi wa Moshi anayethubutu kuhoji. Uhai wa mtu tumeukabidhi. Lakini msanifu wa Mwanza anasubiri siku tatu bosi achague picha ipi ya uwanda wa Shira, kule mlimani, ikae juu ya ukurasa. Kijana wa Nairobi anaomba kibali cha kubadilisha maneno kwenye kitufe. Mlimani tulishajua zamani jinsi ya kuongoza watu wa mbali, ila hakuna aliyewahi kushusha ujuzi huo mpaka ofisini.

Niliisoma karatasi yangu mbele ya darasa. Mwalimu aliirekebisha sehemu moja tu, na ndiyo iliyonisaidia kuliko zote: kila jambo la safu ya kusubiri liwe na muda. Sasa hivi kwetu, marekebisho madogo kijana wa Nairobi anayapandisha mwenyewe. Kinachogusa malipo kinasubiri mhasibu, na swali lisipojibiwa ndani ya siku moja ya kazi linakwenda kwangu, si kwa bosi. Picha ni za Mwanza, mwisho. Bosi alikataa kuachia jambo moja tu, bei za wageni kuonekana wazi kwenye tovuti, na sikubishana naye sana. Hilo ni lake.

Mchana ule tulifundishwa pia kuandika ujumbe unaojitosheleza: hali ikoje, ninataka nini kwako, lini, na usipojibu nitafanya nini. Watu walioajiriwa miaka mingi walishindwa kuandika hiyo sentensi ya mwisho. Tumezoea kumalizia "nasubiri maelekezo" kwa sababu ndiyo heshima, na mkubwa anayeambiwa "usipojibu hadi Alhamisi nitaendelea" anaweza kudhani amedharauliwa. Mzee wa Longido alitupa njia: makubaliano hayo yasemwe kwanza kwa mdomo, na mkubwa ndiye ayatangaze mbele ya wote. Sijui kama mwalimu alikuwa ameliandaa hilo, lakini alilichukua haraka na kulibandika ukutani.

Kwangu ujumbe wa namna hiyo si mapambo. Tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi imefika Horombo, kambi ya mlimani iliyo mita 3,720, na ofisini watu wakadhani sasa kiongozi anapatikana muda wowote. Wageni wetu wengi wanapanda kwa njia za Machame na Lemosho, hawapiti Horombo kabisa. Na hata akiwa Horombo, jioni ile anapima oksijeni ya wageni kwenye vidole. Hana nafasi ya kusoma ujumbe mia wa kundi ili atafute swali lake liko wapi.

Suala la saa lilipitiwa haraka, na lilitosha. Ujerumani husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi. Kikao chetu cha saa tano asubuhi ni saa nne kwa dada wa mauzo wakati wa kiangazi chao, na saa tatu wakati wa baridi. Tunaandika saa kwa tarakimu za 24 na jina la mji, basi.

Vipindi vya jioni ni dhaifu, na kwa kozi ya aina hii hiyo ni aibu. Walitumia Zoom ya bure, ile inayokata kikao cha kikundi baada ya dakika 40, tukawa tunatoka na kuingia upya mtu akiwa katikati ya sentensi. Kilichoviokoa ni jioni moja ya kujadili tarehe 12 Mei 2024, siku nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ikazorota nchini. Kila mmoja alieleza kazi yake ingesimama wapi. Nilitoka na orodha ya namba za simu za kawaida za watu wangu wote iliyochapishwa kwenye karatasi, kitu ambacho hatukuwa nacho.

Lawama yangu kubwa ni walichokiacha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na haikutajwa hata mara moja. Kampuni za utalii hapa kwetu zinarushiana picha za pasipoti za wageni na fomu zao za afya kwenye makundi ya WhatsApp, kwenda kwa watu walio nchi tatu, kwenye simu ambazo watoto wanachezea gemu. Sheria ina masharti ya kukusanya taarifa hizo na ya kuzitoa nje ya nchi. Ukiongoza timu iliyotawanyika, hilo ni tatizo lako kabla halijawa la mwanasheria. Nililileta kwenye fomu ya maoni, nikapigiwa simu, nikaambiwa, "Dada, tutalifanyia kazi."

Chakula ni cha kutosha, wali na ndizi, nyama siku zote mbili. Darasa ni la watu wachache, kwa hiyo usikubali kukaa nyuma. Peleka majina halisi na matatizo halisi ya watu wako, maana karatasi ya safu tatu haina faida ukiijaza kwa mfano wa kubuni. Mhasibu wetu ameshaniuliza kama aende awamu ijayo. Nimemwambia aende, ila kwanza awaulize kama wamelipia Zoom.