"Nipe namba ya mzee": nilivyobadilisha kioo cha sanrufu, kile cha kwenye dari la gari

Gari ni langu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikera kuliko maji, kuliko hela, kuliko hata ile nazi yenyewe. Kadi ina jina langu, mkopo wa SACCOS nimeulipa mimi, na Baba Nasra, Mungu amweke, hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Ni muuguzi. Mishipa ya watu anaijua, ya magari haijui, na hajawahi kujifanya anaijua. Sasa niambieni kwa nini mtu mzima, mwenye gereji yake pale Ilala, nimuulize mbona gari langu linavuja, aniangalie usoni halafu aseme: "Mama, nipe namba ya mzee nimweleweshe yeye."

Nitafika huko. Nazi kwanza.

Tulikuwa Bagamoyo kwenye arusi ya upande wa mume wangu, kama wiki mbili tatu kabla masika hayajachanganya. Jua lilikuwa la saa nane, kivuli kilikuwepo kimoja tu, nikaegesha chini ya mnazi. Najua. Mmeshachelewa kunicheka, mama mkwe amenicheka, watoto wa pale wamenicheka, na mzee mmoja aliyekuwa anakunja mikeka aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapo hata mbuzi wetu hawalali." Tuko kwenye pilau tukasikia pwaa! Nikadhani ni spika ya muziki imeanguka. Kumbe nazi, tena nazi kavu, siyo dafu, imeingia kwenye gari langu, Nissan X-Trail, kupitia darini na kukaa kwenye kiti cha nyuma kama abiria.

Kioo cha juu hakikupasuka, kilimwagika. Punje punje kama chumvi ya mawe, kwenye viti, kwenye kiti cha mtoto, ndani ya viatu nilivyoacha vya kuendeshea, mpaka kwenye mashimo ya kuwekea chupa. Tulirudi Dar na kanga ya mama mkwe imebandikwa juu kwa selotepu. Mapinga ikaanza kupepea, Bunju ikachomoka upande mmoja, Tegeta tukaitoa kabisa tukaendelea na tundu letu hadi Tabata, vumbi linatushukia kama tumepanda nyuma ya Fuso. Nasra alisema ndiyo safari nzuri kuliko zote alizowahi kwenda. Bima yangu ni ile ndogo, ya kumlipa utakayemgonga. Nazi haimo.

Nikaanza kuzunguka Gerezani. Duka la kwanza walinitajia laki nne na nusu kioo peke yake, la mtumba kutoka Japani, na hawakuwa hata na haja ya kuona gari. La pili wakanionyesha kioo cha X-Trail, kweli, ila ya umbo jingine kabisa, wakasema "tutakilazimisha". La tatu ndilo la kuogopwa: kijana akasema anipeleke kwa mkata vioo, wapime tundu, wakate kioo bapa kama cha dirisha la sebuleni, wabandike kwa gundi, elfu themanini nimemaliza. Jamani. Kioo cha dari kina mbonyeo, hakiko bapa, halafu kimepikwa makusudi ili kikivunjika kitoke punje butu kama zile zilizojaa kwenye viatu vyangu. Cha dirisha la nyumba kikivunjika kinashuka vipande virefu kama visu. Na chini yake anakaa mwanangu. Kama kuna kitu kimoja mtabeba kutoka kwenye kelele zangu hizi zote, kiwe hicho, halafu mkienda dukani mwende na picha ya namba ya chasisi, msiseme tu "X-Trail".

Ndipo shemeji yangu mmoja akanielekeza kwa huyu bwana wa Ilala. Kioo na kufunga, laki tatu na ishirini. Alinikalisha kwenye benchi, akatuma mtoto akaniletee soda, akaniita dada. Dada, karibu dada, tutakutengenezea dada. Likumbukeni hilo neno. Nilipouliza risiti akacheka, akasema nikitaka risiti niongeze ile asilimia 18 ya serikali. Nilipaswa kunyanyuka hapo hapo. Sikunyanyuka, soda ilikuwa ya baridi.

Kazi yenyewe ilifanywa na kijana mmoja mwembamba, asiyezungumza, na nitasema haki yake: alijua anachofanya. Alifungua kifuniko cha ndani taratibu, akalegeza skrubu za pembeni, akapandisha kioo, akawa anakishusha na kukipandisha kidogo kidogo huku anapitisha kidole kwenye ukingo kama mtu anayepima unga kwenye kibaba. Mbele kiwe chini ya bati la dari kwa unywele, nyuma kipande juu kwa unywele, ili upepo usikiingie kwa chini. Nilipoingia barabara ya Mandela na kuvuta mwendo, hakikupiga mluzi hata kidogo. Kinafunguka, kinafunga, kinainuka kwa nyuma. Ningeandika siku ile ningewaambia gereji bora Dar nzima ni hii hapa, na mngenilaumu sasa.

Mvua ikanyesha.

Nilikuwa nampeleka mama mkwe kliniki ya presha, amekaa mbele, amejipamba, amefunga kilemba kipya. Foleni ya Buguruni mnaijua. Mvua inapiga, sisi tumetulia, mimi najisifu moyoni kwamba kioo hakitoi hata tone. Magari yakasogea, nikasogea, nikakanyaga breki. Bakuli zima la maji likashuka kupitia kwenye taa ya ndani, ile iliyo katikati juu ya kioo cha kujitazamia, moja kwa moja kwenye kilemba. Siyo matone. Bakuli. Mama mkwe alinyamaza kidogo, akajifuta uso, akasema, "Mwanangu, gari lako linanitawadhisha."

Kesho yake nikarudi Ilala. Bwana hakuinuka. Hakuchungulia ndani ya gari. Akamwita kijana mwingine, siyo yule, akamwambia aje na silikoni azungushe ukingo wote. Nikauliza, sasa nitafunguaje? Akasema, "Sanrufu ya nini mama, si una kiyoyozi?" Mmesikia? Kabla ya kulipa nilikuwa dada, baada ya kulipa nimekuwa mama. Mama si tusi, wanangu wananiita hivyo na ninaitika. Lakini kuna mama ya heshima, na kuna mama ya kukutoa dukani, na Mswahili yeyote anaijua tofauti kwa sikio.

Silikoni ikazungushwa, nyeusi, imevimba kama mshono wa kidonda. Mvua iliyofuata maji yakaingia vilevile, na safari hii yakapita kwenye nguzo ya mlango yakaenda kulala chini ya zulia. Mkivuka siku tatu na zulia bichi mjini Dar mtajua harufu ninayoisema.

Nikarudi tena. Na hapo ndipo ikaja ile kauli. Nilikuwa nimeuliza swali moja tu: maji yanapita wapi kama ukingo wote umezibwa? Ni swali la kawaida, hata mtoto angeuliza. Akaniangalia, akatabasamu lile tabasamu la kumvumilia mtu, akasema nipe namba ya mzee. Nikamwambia gari ni langu. Akasema, "Najua mama, najua, ila haya mambo ya kiufundi." Sijui kwa nini nilimpa. Labda nilichoka. Labda nilitaka nione atamwambia nini mtu ambaye anaita radieta "lile la maji".

Akapiga mbele yangu. "Shikamoo mzee!" Baba Nasra ana miaka 41, huyu bwana ana mvi. Waliongea dakika kama saba, yeye anazunguka gari langu huku anapiga piga bati kwa kiganja, mimi nimesimama na pochi yangu. Akakata simu, akasema, "Tumeelewana na mzee." Haikupita hata dakika Baba Nasra ananipigia kutoka wodini, anaongea kwa kunong'ona: "Mama Nasra, kuna mtu amenieleza habari za mipira. Nikasema sawa. Nimekubali nini?"

Alikuwa amekubali mpira mpya wa kuzunguka kioo, elfu themanini.

Sikupiga kelele. Nasema hivyo, ingawa waliokuwepo wanaweza kuwa na maelezo mengine. Ninachokumbuka ni kwamba bwana aliondoka kwenda kula, na yule kijana mwembamba wa mwanzo akasogea anafuta mikono kwa kitambaa, akasema kwa chini, "Dada, mpira hauna shida."

Akaniomba chupa yangu ya maji ya kunywa. Akafungua sanrufu, baada ya kukata ile silikoni kwa wembe upande wa mbele, akamimina kidogo kwenye kona. Maji yakakaa. Hayakwenda popote. Akaniambia nitazame chini ya gari: pakavu. Ndipo akanieleza, na alinieleza mimi, siyo mzee: mpira wa sanrufu haukuwekwa kuzuia maji yote. Yanayopenya yanaangukia kwenye mfereji unaozunguka tundu, na kwenye kona kuna mirija, ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo kikubwa cha mbele, ya nyuma inashuka nyuma, inamwaga chini. Mirija ikiziba mfereji unajaa, na ukifunga breki yote yanakimbilia mbele. Na yangu imezibwa na nini? Na kioo. Zile punje za Bagamoyo. Siku ya kwanza alitaka kuisafisha kabla ya kufunga, akaambiwa aache, kuna gari jingine linasubiri.

Kuna mwenzake akaja na mpira wa kompresa apulize. Kijana akamzuia, akasema ukipuliza kwa nguvu mrija unachomoka ndani ya nguzo, hapo mpaka ushushe dari lote. Akachukua waya wa breki ya baiskeli, akaukunja ncha isichane, akausukuma taratibu, akauvuta, akausukuma. Ikatoka punje moja. Ikatoka nyingine, na tope, na kitu kama nyuzi za kumbi la nazi, wallahi. Dakika ishirini hivi. Akamimina tena maji kwenye kona na mimi nimechuchumaa na gauni langu la kazini natazama uvunguni: ti, ti, ti, karibu na gurudumu la mbele. Nilitaka kumkumbatia.

Kwa hiyo niseme nini kuhusu gereji hii? Kioo walichoniuzia ni kizuri, ni cha kweli, na hadi leo hakipigi mluzi. Bei yao ilikuwa chini ya Gerezani. Fundi wao ni fundi. Nilishaanza kulainika, nikasema pengine bwana mwenyewe ana madeni, ana msongo, masika gereji hazina wateja, sote tuna siku zetu. Kisha akarudi kutoka kula, anachokoa meno, akayaona maji chini ya gari, akasema: "Unaona mama? Nilikwambia ni uchafu wako." Na elfu thelathini ya kuzibua.

Msiende. Nasema msiende.

Sikumlipa hiyo thelathini. Nilimsubiri kijana kwenye kituo cha daladala nikamtumia elfu ishirini kwa simu, na jina lake silitaji hapa kwa sababu atafukuzwa kabla hamjamaliza kusoma. Tatizo ni kwamba silikoni ya pande zilizobaki bado ipo, sanrufu inafunguka nusu na kung'ang'ania, na mtu ninayemwamini kuimalizia yuko mle mle ndani. Ameniambia nije siku bosi akiwa hayupo. Kwa hiyo, ndiyo, nitarudi kwenye gereji ninayowakataza. Nyinyi mkiwa na shida ya kioo cha juu, nendeni popote, ila msilipe senti kabla hamjamwaga maji kwenye kona na kuyaona yanadondoka chini.

Mama mkwe sasa anakaa nyuma, mwavuli mapajani, hata pakiwa pakavu.

Na yule bwana namba ya Baba Nasra anayo bado. Juzi amemtumia ujumbe: "Mzee salama? Gari lako linaendeleaje?" Baba Nasra akamjibu, "Muulize mwenyewe."

Hajauliza.